Maji Niliyosema Nimechemsha

Baba alifanya kazi kwenye migodi ya shaba Lubumbashi, na kambini kwetu kulikuwa na robine, bomba la maji, uani. Kwa robine hiyo tulijiona wazungu. Likizo moja ya kiangazi, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mama alitupakia mimi na mdogo wangu, msichana wa miaka mitatu, kwenye lori lililokwenda Pweto kuchukua samaki wakavu. Tulishukia njiani, kijijini kwa nkambo, bibi yangu mzaa mama. Agizo la mama lilikuwa moja tu: mtoto asinywe maji yasiyochemshwa.

Kijiji kilikuwa na pampu. Wakubwa wa Chama walikuja kuizindua, watu wakaimba na kucheza, wakubwa wakaenda zao. Maji yake yalikuwa safi, lakini yalinuka chuma na kuugeuza ugali rangi ya kutu. Basi wanawake waliyafulia nguo na kufyatulia matofali. Ya kunywa waliteka bondeni, kwenye kisima cha wazi, matamu na baridi, na mgeni ndiye aliyepewa yale yaliyotekwa alfajiri kabla kisima hakijatibuliwa. Nkambo alishuka huko kila alfajiri kwa ajili yetu.

Siku ya kwanza nilichemsha. Nkambo akasimama, akaitazama sufuria.

"Maji yangu iko na sumu?"

"Hapana, nkambo. Ni mama alisema."

"Mama yako alikomaa na hii maji."

Majirani waliokuwa wakitwanga mihogo wakaangua kicheko. "Batoto ba mu kamp! Banapika maji sawa bukari!" Bukari ndio ugali wetu.

Nikaona haya. Kuchemsha maji uliyopewa na mkubwa, mbele ya macho yake, ni kumwambia humwamini. Kesho yake sikuwasha moto, wala kesho kutwa. Na niseme yote: nilikuwa mvivu wa kutafuta kuni, haya ikanipa kisingizio.

Wiki ya pili mdogo wangu alianza kuhara. Siku ya tatu hakuwa na machozi hata alipolia. Zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima. Nkambo alimbeba mgongoni, mimi nikifuata nyuma na kibuyu cha maji yaleyale, na tulipofika mtoto alikuwa ameshakata roho.

Wazazi walikuja msibani na ndugu za baba. Kabla hata ya kukaa, mama alinishika mabega.

"Maji, ulichemusha?"

"Ndiyo, mama. Kila siku."

Nkambo alikuwa ameketi mkekani, hatua mbili tu kutoka kwetu. Aliinua macho, akanitazama, kisha akayashusha.

Sikujua uongo ule ungefika wapi. Kama maji yalichemshwa, basi si maji yaliyomuua mtoto, ni mtu. Na ni nani aliyemlisha, aliyelala naye, aliyembeba? Jioni ile ndugu za baba walianza kunong'ona: mulozi, mchawi. Mama alisikia na hakumtetea mama yake. Tulirudi mjini, naye hakukanyaga tena kijijini. Neno langu moja lingetosha, nami nilikuwa na mdomo.

Nilirudi peke yangu baada ya miaka mingi, nikiwa tayari mwalimu. Walikuwa wamemsukumia nkambo mwisho wa kijiji, kwenye kibanda kisicho na jirani. Sikuweza hata kusalimia vizuri.

"Nkambo, ile maji..."

"Ikala kwanza."

Nikakaa. Akawasha moto, akateleka sufuria, tukangoja wote wawili mpaka maji yakatokota. Akayapooza kwa kuyamimina kikombe hadi kikombe, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwana. Hii nilichemusha kweli."

Yalikuwa ya pampu, yalinuka chuma. Nililia, nikayanywa yote.