Walburga na Wageni wa Februari

Tangu aolewe mpaka alipotimiza miaka arobaini, Walburga Nagiller hakuwahi kulala kitandani kwake mwezi wa Februari. Wala hakuona ajabu. Pale Mutters, kijiji kilichoketi juu kidogo ya mji wa Innsbruck, ndivyo watu walivyoishi. Theluji ikishatulia, kila familia ilihama vyumba vyake, ikatandika mashuka mapya, ikatundika kibao mlangoni, kisha ikajibana darini au chini ya nyumba mpaka karibu na Pasaka. Wageni walipanda kutoka mjini kwa treni ndogo, wamechoshwa na miji yao ya kaskazini, wakitaka kupumzika tu. Wasemao mgeni njoo mwenyeji apone wangefurahi kuiona Mutters ya miaka ile. Paa jipya, ng'ombe wa pili, viatu vya shule, vyote vililetwa na wageni.

Walburga alizaliwa shambani huko juu bondeni, mtoto wa saba kati ya tisa, na kazi ilimwingia mwilini kabla hajajua kuhesabu. Alitembea upesi, mikono yake haikutulia. Mumewe, Serafin, alikata majani ya ng'ombe wakati wa kiangazi, na majira ya baridi alisimama mlimani penye lifti, akiwashika watu mikono wasije wakaanguka wakati wa kukaa kwenye viti. Walikuwa na mtoto mmoja, Afra.

Chumba cha Afra ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Dirisha lake lilitazama kaskazini, ng'ambo ya mji, milima yote ikiwa imejipanga. Kwa hiyo wageni bora walipewa hicho. Siku moja kabla hawajafika, Afra alitia vitu vyake kwenye sanduku la tufaha akateremka nalo mpaka chumba cha kufulia, ambako watatu hao walilala kando ya tangi la maji moto. Mama yake alikuwa amemfundisha kutembea na soksi, kufunga mlango kwa mikono miwili, kutoimba kwenye ngazi. "Wageni wamekuja kupumzika," alimwambia, na Afra aliyashika maneno hayo kama anavyoshika sala ya asubuhi.

Wageni bora walikuwa Bwana na Bi Overbeck, kutoka Bremen. Walikuja kila Februari kwa wiki mbili. Bwana alikuwa mrefu, mcheshi, hajui kuteleza kwenye theluji lakini hachoki kujaribu. Mkewe, Henriette, alikuwa mwembamba, mishipa yake dhaifu, na daktari alikuwa amemwagiza hewa ya milimani na utulivu. Alijilaza kwenye baraza ya juu amejifunika blanketi, jua likimpiga usoni, au akatembea taratibu msituni, au akashuka mjini kunywa kahawa na keki chini ya matao ya mji wa kale. Hawakuwa watu wabaya hata kidogo. Afra aliletewa chokoleti, na mwaka mmoja penseli za rangi ishirini na nne. Kila walipoondoka Bi Overbeck aliandika katika kitabu cha wageni kwamba hakuna mahali duniani anapolala usingizi kama hapo.

Mwaka wa 1967 Afra alikuwa na miaka tisa. Wiki ile waliyofika akina Overbeck alirudi kutoka kuteleza na wenzake, nguo zimelowa hadi ndani, na Jumatatu akaanza kukohoa. Walburga alimchemshia kitunguu kwa sukari, akamsugua mafuta kifuani, akamfunga kitambaa cha sufu. Hakumpeleka shule. Kikohozi ni kikohozi tu, na nyumba ilikuwa na watu wanane wa kulishwa. Lakini usiku kilizidi, kikavu, cha kukwaruza, na bomba la maji lilikibeba mpaka ghorofa ya juu. Mara mbili Walburga aliinuka akamwambia mtoto akoholee ndani ya mto.

Alhamisi asubuhi alikuwa akimimina kahawa mezani. Bi Overbeck alikuwa na duara nyeusi chini ya macho.

"Bi Nagiller," alisema kwa upole, "jirani yenu amefuga mbwa siku hizi? Usiku nimemsikia huko chini akibweka mpaka karibu alfajiri."

Afra alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha mikate. Walburga alimwona.

"Ndiyo, mama. Ni mbwa wa jirani," alijibu. "Nitamwambia amfungie mbali."

"Mke wangu husikia hata theluji ikidondoka," alisema Bwana Overbeck, na watu mezani wakacheka.

Afra aliweka kikapu pale kinapowekwa siku zote, akateremka. Walburga alipomfuata baadaye na chai alimkuta ameketi kitandani.

"Mama, kwa hiyo mimi ndiye mbwa?"

Aliuliza huku akitabasamu kidogo, na Walburga naye akacheka, akambana kifuani. "Wewe ndiye kijibwa changu. Jikaze basi. Siku tisa tu zimebaki, kisha utabweka upendavyo."

Usiku ule nyumba ilinyamaza. Walburga alilala fofofo, na alipoamka alimshukuru Mungu kwamba dawa imefanya kazi. Bi Overbeck alishuka akiwa na uso mwepesi, akasema amelala kama mtoto. Usiku uliofuata ukawa hivyohivyo. Jumamosi, Serafin alipoinama kumbusu mtoto kabla ya kwenda kazini, alikuta mwili unawaka, midomo imeiva rangi ya zambarau, pumzi zinakuja fupi fupi. Pembe ya mfarishi ilikuwa imelowa na kutafunwa mpaka manyoya yanatoka.

Jirani mwenye gari la maziwa aliwashusha mjini. Hospitalini daktari kijana alisikiliza mgongo wa Afra kwa muda mrefu, kisha akauliza amekohoa tangu lini.

"Tangu Jumatatu," alisema Walburga. "Lakini juzi aliacha."

"Hakuacha," daktari alisema. "Alikizuia. Huyu ana homa ya mapafu, pande zote mbili."

Afra alifariki Jumanne mchana. Ilikuwa siku nzuri, anga la buluu, na kutoka dirishani walionekana watu wadogo wadogo wakiteremka milimani. Serafin alikuwa ameushika mkono wake. Walburga hakuwapo. Alikuwa amepanda Mutters na treni ya saa tano kubadilisha mashuka ya chumba cha pili, kwa sababu wageni wapya walikuwa wanaingia, naye alikuwa ameahidi kurudi jioni. Habari zilimkuta ameshika foronya.

Akina Overbeck walifunga mizigo siku hiyohiyo. Kabla ya kuondoka, Bi Overbeck alishuka mpaka chumba cha kufulia, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga kwa miaka yote ile, akaona vitanda vitatu vimebanana ukutani.

"Kumbe mnalala hapa," alisema, akaanza kulia.

Walburga alimjibu kwamba ndiyo, ndipo wanapolala, akamuuliza kama angependa aitiwe gari.

Ardhi ilikuwa imeganda, na wachimbaji walilazimika kuwasha moto makaburini siku nzima kabla jembe halijaingia. Baada ya mazishi watu walisubiri kuona Serafin atamfanya nini mkewe, maana kijiji kizima kilijua kwamba mtoto alifariki mama yake akiwatandikia wageni. Hakumfanya lolote. Hakumlaumu hata kwa jicho. Alianza tu kula amesimama, mgongo umeegemea jiko, na aliacha kusimulia ya mlimani. Walburga alitamani siku moja amtukane, yaishe. Siku hiyo haikuja.

Waliendelea kupokea wageni. Wangefanya nini? Walburga alitandika, akapika supu ya shayiri, akatabasamu panapotakiwa tabasamu.

Miaka mitatu ikapita, ikaja barua kutoka Bremen. Bwana Overbeck alikuwa amefariki, na mjane wake aliomba kuja peke yake kwa wiki moja, kama hawana kinyongo. Walburga aliiweka barua mezani siku nne.

"Aje," Serafin alisema hatimaye.

Bi Overbeck alikuja amezeeka kuliko umri wake. Alikikataa chumba cha kaskazini, akaomba kile kidogo kilicho karibu na ngazi. Siku ya nne alimwomba Walburga watembee pamoja. Walburga alikuwa ameishi miaka yote hiyo katikati ya watu waliokuja kutembea kwenye theluji, na yeye mwenyewe hakuwahi kutembea hivyo, bila ndoo wala kikapu. Hakujua aweke wapi mikono yake. Walipita kando ya msitu hadi kwenye benchi lililokuwa juani. Chini yao mji ulikuwa ndani ya moshi wa majiko, na kengele za kanisa zilisikika moja baada ya nyingine.

Walburga hakuwa amekusudia kusema. Ilimtoka tu.

"Yule hakuwa mbwa, Bi Overbeck. Alikuwa mwanangu. Mimi ndiye niliyesema ni mbwa, naye alisikia."

Bi Overbeck aliendelea kuutazama mji ulio chini.

"Nilijua," alisema. "Nimelea watoto watatu, Bi Nagiller. Kikohozi cha mtoto nakijua hata nikiwa usingizini. Niliuliza habari za mbwa ili nisiulize habari za mtoto. Ungesema ni mtoto, ningelazimika kuinuka."

Walburga alimtazama. Kwa miaka mitatu alikuwa ameubeba mzigo ule akidhani ni wake peke yake, na sasa alipoonyeshwa kwamba kuna mwingine aliyeushika upande wa pili, haukupungua uzito. Alihisi hasira, kisha hata hasira ikakosa pa kushika. Bi Overbeck alikuwa akitetemeka. Walburga alivua shali yake akamfunika magoti, kwa mazoea ya kazi au kwa jambo jingine, hakuwahi kujua. Wakakaa hivyo mpaka jua likahama benchi.

Kesho yake alimsindikiza kituoni na kumbebea sanduku. "Usirudi tena, mama," alimwambia, bila ukali. Bi Overbeck alitikisa kichwa kukubali, na hakurudi. Kila Krismasi alituma kadi. Walburga alizisoma, hakuzijibu, wala hakuzitupa.

Jioni ya siku ile ya kituoni Walburga alimsimulia Serafin yote, pamoja na neno la mbwa, ambalo hakuwa amemwambia. Serafin alisikiliza amesimama pale jikoni. Kisha akavuta kiti, akaketi mezani mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi walilia pamoja.

Mwaka uliofuata, Walburga akiwa na miaka arobaini, walipata mtoto mwingine wa kike, wakamwita Vroni. Majira ya baridi yalipofika hawakuhama chumba chao. Waliweka kitanda cha mtoto katikati, wakabakiza vyumba viwili tu vya kukodisha, na Walburga alisimama mlangoni akamwambia kila mgeni kabla hajashusha mzigo, "Humu mna mtoto, na mtoto hulia. Asiyeweza, nyumba nyingine zipo." Baadhi waligeuka wakaenda zao.

Vroni alikua mtoto mkimya. Alipita kwenye ngazi bila kusikika, akafunga milango polepole, akacheza peke yake kwa sauti ya kunong'ona. Walburga alikuwa akisimama jikoni, kijiko mkononi, akimwita kwa jina bila sababu, ili tu amsikie akiitika.