Ubishi wa Mabeki Njia ya Manyoni

Kaka yangu aling'atwa na koboko asubuhi, akikagua mizinga yake ya nyuki kwenye vichaka vya Itigi. Mwenzake alimpakia kwenye pikipiki wakaja naye kituo cha afya. Nilipofika mbio kutoka sokoni nilimkuta kitandani, mguu umefungwa bendeji kuanzia vidoleni hadi pajani.

Nesi alinivuta pembeni. "Dawa ya sumu ya nyoka hatuna," aliniambia. "Gari la wagonjwa limeshatoka Manyoni, linamfuata. Wewe kaa naye, umsemeshe. Ulimi ukianza kuwa mzito, niite."

Nikakaa. Nimsemeshe nini? Nikitaja watoto wake angejua naogopa. Nikashika lile lililotugombanisha tangu tulipoanza kutazama mpira kwenye banda la video: beki gani duniani aliujua mpira kuliko wote.

"Kaka, yule Mtaliano wako alikuwa anakaba tu. Beki wa kweli ni Mjerumani."

Akafumbua macho. "Mdogo wangu, hata leo unanitafuta?"

"Mjerumani alichukua mpira nyuma, akapanda nao mpaka goli la watu."

"Hata mbuzi anapanda." Alipumzika kidogo. "Mtaliano hakuwa anajirusha chini. Shati lake safi mpaka filimbi ya mwisho. Beki anayejirusha ameshachelewa kufikiri."

Hayo aliyajua kwa miguu yake. Ujanani alikuwa beki wa kati wa timu ya vijana wa mtaa wa reli, kwenye uwanja wa vumbi na visiki, na sikuwahi kumwona akibutua mpira. Mshambuliaji anamjia kasi, yeye anatuliza, anainua kichwa, anatafuta mtu. Watazamaji walimtukana kwa hofu mpaka pasi ifike.

Nikaendelea kumchokoza. Nikaleta Mholanzi, akamkataa. Nikaleta Mbrazili, akasema huyo ni kiungo aliyepotea njia. Nilicheka, nikaona yeye hacheki. Kope zake zilikuwa zimeshuka nusu, na hazikupanda tena.

"Na Waafrika je?"

"Wa... wapo," alisema. "Hawa... hawakuonyeshwa." Maneno yalitoka kana kwamba ana tonge la ugali mdomoni.

Nilimwita nesi kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo.

Gari lilipofika hakuweza hata kumeza mate. Njiani nesi alimpulizia pumzi kwa kifuko cha kubana kwa mkono, na kila gari liliporuka kwenye shimo nilikiangalia kifua chake kama kitainuka tena. Mimi niliendelea na ubishi peke yangu. Nilisema upande wangu, kisha nikasema upande wake, kwa kuwa niliona nikinyamaza tu, ameondoka. Tulipokaribia Manyoni nilishindwa.

"Umeshinda, kaka," nilimwambia. "Ni Mtaliano. Usiniache."

Hakutikisa hata ukope.

Manyoni walikuwa na dawa. Walimchoma, kisha wakampeleka Singida kwenye mashine ya kupumulia. Siku ya tatu aliinua kidole. Siku ya tano, walipomwondoa kwenye mashine, nilimsalimia nikidhani hatakumbuka lolote.

"Mwili ulikuwa umekufa, masikio mazima," aliniambia, sauti imekwaruza. "Nilikuwa nakujibu njia nzima. Nashangaa kwa nini hunisikii. Nikajua ndiyo mnanipeleka kunizika."

Nilitoka nje ya wodi.

Sasa yuko nyumbani, anatembea, ingawa mguu ule anauburuta kidogo. Wanaume wakianza habari za mabeki pale kijiweni, yeye huingia kwa nguvu zake zote na huniangalia nimpinge. Mimi husimama, nikamwambia nimekumbuka kazi, nikaondoka, kwa kuwa nikianza kubisha naliona lile gari tu.