Gegedu la Kondoo wa Olbalbal

Mimi ni dresa, msaidizi wa daktari katika zahanati ya Karatu, na tangu tupate Uhuru maneno yangu yamekuwa mengi kuliko masomo yangu. Juzi nilitumwa Olbalbal kumwona mama wa Kimasai aliyejifungua. Nje ya nyumba yake nilikuta wanawake wamezunguka sufuria ya nyama ya kondoo.

Njaa ilinikaribisha. Nikajichotea kipande chenye gegedu.

“Hili gegedu lina sukari, ila si ya chai,” niliwafundisha huku natafuna. “Ina naitrojeni ndani yake, nayo husaidia kujenga viungo vya magoti.”

Wakatazamana. Nikadhani elimu imewaingia, nikachukua kipande cha pili.

Bibi mmoja akanitazama tumbo.

“Daktari, kondoo huyu ni wa mzazi, mwanamume haonji. Wewe umejifungua lini?”