Firigisi Aliyopewa Mchumba

Nakumbuka siku moja hapa hapa Temeke, Mwingereza bado anatutawala, babu yako nusura afe ukweni kwa sababu ya firigisi. Wewe mjukuu wangu unayebishana mpira na tonge mdomoni, hebu meza kwanza, kisha unisikilize.

Posa ilikuwa imeshapokelewa. Baba yangu akamwita mchumba aje kula, maana mzee yule alikuwa na tabia ya kumpima mtu kwenye sinia. Kijana akaja kutoka Kinondoni, fundi viatu, mwembamba, kanzu ya kuazima inamburuza. Mie nilikuwa chumbani na shangazi, nachungulia nyuma ya pazia. Siku zile mwari aliyeposwa hakuonekana na mchumba wake, hata kisigino.

Wakala baba, yeye, na mjomba wangu aliyekuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali. Mjomba alipotoka uani kunawa, baba akachukua firigisi, ambayo ni ya mgeni wa heshima, akamwekea mkwewe. Sasa jogoo mwenyewe alikuwa mkongwe, kachemka tangu asubuhi na bado kagoma kulainika. Kijana kaitia yote mdomoni, na baba naye hapo hapo akamuuliza, "Binti yangu utamtunzaje?"

Maskini ya Mungu. Kumkawiza mzee jibu ni utovu wa adabu. Kutema firigisi ya heshima ni matusi. Akaona aimeze nzima nzima huku anajibu. Akasema, "Mzee, mimi..." na hapo sauti ikakatika. Hakohoi, hapumui, macho yamemtoka pima, mkono kooni.

Baba akaitikia kwa kichwa, karidhika. "Huyu nimempenda," akasema. "Hakurupuki kujibu."

Mie nikaona kijana anakufa huku anasifiwa. Shangazi akanikamata kanga. Nikamwachia kanga mkononi, nikatoka mbio kichwa wazi. Nikamwinamisha yule kijana, nikamtandika mgongoni kwa kiganja, katikati ya mabega, tena na tena, mpaka firigisi ikaruka na kutua kwenye bakuli la mchuzi la baba.

Shangazi akajishika kichwa. "Posa imeharibika. Mwari katoka hadharani, tena kampiga mume hata hajamuoa."

Nikaanza kulia. Nilikuwa nimeshampenda, sikufichi, na nilijua aibu ile inatosha kunikosesha ndoa. Baba akawa anahangaika na kata ya maji, asijue amnyweshe nani. Mjomba akaingia, akaichukua ile kata. "Mwache avute pumzi kwanza, shemeji. Ungemnywesha pale alipokabwa ungemmaliza."

Kisha akatueleza, na mie ndiyo nakueleza wewe. Kutafuna ni hiari yako, ukitaka unaacha. Lakini chakula kikishavuka nyuma ya ulimi, hapo huna tena amri nacho. Sehemu ya ubongo iliyo huko chini, kisogoni, inashika usukani: inasimamisha pumzi, inapandisha koromeo, inafunika njia ya hewa, inaamuru misuli isukume tonge lishuke, na yote hayo kabla hujapepesa jicho. Sasa wewe ukisema au ukicheka wakati ule, unafungua mlango ambao ubongo unahangaika kuufunga. "Na wewe shemeji," mjomba akamwambia baba, "mtu akiwa na tonge usimuulize habari za ndoa."

Kijana akajifuta machozi, akakaa vizuri, sauti bado inakwaruza.

"Mzee, uliniuliza nitamtunzaje. Kwa nilivyoona leo, atakayetunzwa ni mimi. Naomba mnipe huyu huyu."

Baba alicheka mpaka akaegemea ukuta, na shangazi akanirudishia kanga yangu.

Basi mjukuu wangu, ukiwa na tonge, tafuna, meza, ndipo useme. Hakuna mkubwa anayestahili jibu kuliko pumzi yako. Na ukimwona mwenzako kakabwa, hakohoi wala hasemi, usimnyweshe maji wala usiulize desturi inasemaje. Mwinamishe, umpige mgongoni. Mie na babu yako tumekula sinia moja mpaka mvi zikatuota, na hata leo ambapo hayupo, namwekea nafasi. Mungu akupe riziki isiyokukaba, na akupe wa kula naye atakayekuona unaponyamaza.