Miaka Saba ya Nembo

Kwa miaka saba nilichora nembo za shule kwenye duka la sare Kariakoo. Simaanishi kuchora kwa penseli. Nilikaa mbele ya kompyuta nikipanga uzi baada ya uzi: mwenge, kitabu, twiga aliyepinda shingo kwa sababu mkuu wa shule aling'ang'ania apinde. Mashine ya kudarizi ilishona nilichopanga. Sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwamba nimefanya kazi katika mji huu.

Programu ya nembo ilikuwa ya zamani, haikubali kitu kingine ila Windows. Lakini wateja walituletea picha kwenye flashi zilizojaa virusi, kila mwezi tunaugua. Nikaamua kuweka Linux, mfumo mwingine usiosumbuliwa na virusi hivyo, na ndani yake nikaunda kompyuta ya pili, ya kufikirika, yenye Windows, ile programu na nembo zangu zote. Kwenye diski, kompyuta hiyo nzima ya ndani ilikuwa faili moja kubwa. Mwenye duka alikuwa mtu wa Kilimanjaro, na mtaa mzima ulimwita mangi. Hakuuliza lolote, ilimradi mashine inashona.

Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, nilifika asubuhi nikakuta kompyuta ya ndani haioni mtandao. Na ile mashine ya kudarizi ilipokea nembo kwa waya wa mtandao tu. Kosa lilikuwa langu. Jumamosi niliruhusu Linux ijisasishe, kiini chake, yaani moyo wa mfumo wenyewe, kikawa kipya, na draiva iliyounganisha kompyuta ya ndani na waya ilikuwa imejengwa kwa kiini cha zamani, kipya kikaikataa. Nikataka kukirudia cha zamani. Nilikuwa nimeshakifuta, eti naokoa nafasi. Na mimi najiita mtaalamu!

Wazazi walikuwa wamejaa mlangoni na mashati mikononi. Intaneti ya pale dukani ilikuwa inatambaa, kwa hiyo nikaona nichukue bajaji hadi Upanga kwa rafiki yangu wa chuo, binti wa Kihindi ambaye kwao intaneti ni ya uhakika, nikapakue mafaili ya kuijenga draiva upya. Kabla ya kutoka nilifikiria kunakili lile faili kubwa kwenye diski ya pembeni. Ingechukua nusu saa. Mangi alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

"Dada, unaenda au huendi?"

Nikaenda.

Sasa, mtu wa Dar akiona kompyuta inasumbua, ana dawa moja tu: ipigwe Windows. Imekuwa nzito, ipigwe Windows. Haitoi sauti, ipigwe Windows. Hata ikimwagikiwa chai, yupo atakayesema ifutwe yote ipigwe Windows upya. Nililijua hilo, nimelicheka mara nyingi, na bado niliondoka bila kumwambia mangi asiruhusu mtu kuigusa.

Niliporudi, fundi simu wa duka la jirani alikuwa anafunga begi lake. Mangi alikuwa anatabasamu.

"Mambo, sista," fundi akaniambia. "Nimeipiga Windows. Kulikuwa na faili moja limekula nafasi yote, nikasafisha diski nzima. Sasa inaenda fasta."

Nilikaa na ile diski mpaka saa kumi jioni, nikitafuta mabaki kwa kila programu niliyoijua. Nilipata vipande visivyofunguka. Nikamwendea mangi nikamwambia nembo zimepotea, zote, hakuna hata moja.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Si wewe ndiye uliyezichora?" akasema. "Basi chora tena. Anza na hii ya samaki wawili, huyu mama amesubiri tangu asubuhi."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Kwake ilikuwa kama kumwambia mpishi apike tena. Nilitaka aniache kwanza nilie. Badala yake nilivuta kiti, nikaiweka upya ile programu ya nembo kutoka kwenye CD yake, nikafungua ukurasa mtupu, nikamwomba yule mama shati la mwanawe la mwaka jana, nitazame samaki wangu walikuwaje.