Mchana Niliouacha Wazi Zurich

Mke wangu ameniomba mapumziko kwa miaka kumi na moja. Si ya kwenda Dar kugawa zawadi na kurudi Guangzhou tumechoka kuliko tulivyoondoka. Alitaka mahali tusipojulikana, akae aangalie maji. Kila mwaka nilimjibu asubiri msimu upite, na kila msimu ulikuja na mwenzake nyuma. Kwa hiyo niliposema mwaka huu tunakwenda Uswisi, siku nne, miji miwili ya kando ya ziwa, Luzern na Zurich, alinitazama kwanza kama mtu anayekagua noti. Kisha akaanza kutafuta sweta.

Nilimdanganya. Naliandika neno hilo lilivyo, maana nimelizungushia maneno mengine miezi miwili mizima.

Ukweli ulikuwa ndani ya simu yangu. Mtu aliyefanya kazi na kaka yangu mkubwa jikoni, katika hoteli moja ya Zurich, alinitumia picha ya kaburi lake. Kaka amelala huko mwaka wa ishirini sasa. Mbele ya jiwe wamechomeka kibao kidogo cha Kijerumani. Nikakipitisha kwenye tafsiri ya simu: muda wa makaburi ya safu hii umekwisha, mawe yataondolewa kabla ya baridi kuanza. Kumbe huko kaburi nalo lina mkataba, kama fremu ya duka. Najua dini hainidai jiwe, na mja anajulikana kwa Mola wake pasipo alama yoyote. Lakini mimi si Mola. Jiwe likiondoka, sitajua nisimame wapi.

Na sijawahi kusimama pale hata mara moja. Siku aliyonipigia kutoka hospitali nilikuwa Huangpu, bandarini, kontena langu la kwanza linasubiri kupakiwa na winchi zinapiga kelele. Nikaona namba yake, nikapokea, nikasema, "Kaka, niko bandarini, nitakupigia." Hata shikamoo sikumpa. Kontena likapita salama, nikaenda kula na wakala wangu, nikalala usingizi mzuri. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya nne alipiga yule mwenzake wa jikoni kuniambia wanakwenda kuzika. Nikajibu nitakuja mwezi ujao. Hapa Xiaobei, mtaa wetu wa Guangzhou, watu wote wanajua kwamba viza ndiyo iliyonikwamisha. Sikuomba viza.

Ningemwambia mke wangu, angeuliza kwa nini sasa na si miaka yote hiyo. Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulitamka nikimtazama usoni. Nikaona afadhali twende kutembea, halafu mchana mmoja nitoroke.

Viza inataka ratiba ya kila siku: mnalala wapi, mnapanda treni gani, mnaona nini. Kwa kazi hiyo wengi wetu tunakwenda kwa dada mmoja wa Kichina mwenye kiofisi ghorofa ya pili, barabara ya Huanshi Zhonglu. Ametuuzia tiketi tangu hajaolewa, na Kiswahili amekiokota kwetu, cha kufokea. Sote anatuita laoban, bosi, hata tunaokopa nauli. Alinipangia Luzern vizuri: daraja la mbao lenye paa, mlima, meli ya mwendo wa saa mbili ziwani. Zurich akaweka mitaa ya zamani na matembezi ya kando ya maji. Mchana wa siku ya mwisho nikamwambia auache wazi.

Akaujaza chokoleti. Nikafuta. Kesho yake nikakuta makumbusho. Nikafuta. Mara ya tatu akaweka kalamu mezani.

"Laoban, mchana huu una nini? Watu wa viza hawapendi nafasi tupu. Unakutana na mtu?"

"Ndiyo."

"Nani?"

"Kaka yangu."

"Si useme! Kaka yuko huko ni vizuri sana. Lete adresi."

"Adresi yake ni makaburini."

Hakunipa pole. Aliuliza tangu lini, nikamwambia. Akauliza kila mwaka nani anafagia. Nikasema hakuna. Yeye baba yake yuko juu ya kilima, saa tano kwa basi, na kila majira ya kuchipua siku yao ya makaburi inapofika anapanda na ufagio, na chakula, na watoto.

"Kaka mkubwa?" akauliza.

"Mkubwa."

"Unafika mji wa kaka mkubwa, unatembea kwanza, unapanda meli, unapiga picha, mwisho ndiyo kaka. Kwenu hiyo ni adabu?"

Damu ilinipanda. Nusura nimwambie ashughulike na printa yake. Lakini kwetu si adabu hata kidogo. Mtu akiingia mji wenye ndugu yake mkubwa akaanza na matembezi, angesemwa mpaka wajukuu wasikie. Yeye alikuwa tayari anageuza ratiba: Zurich kwanza, Luzern baadaye, na makaburi asubuhi ya siku ya kwanza.

Nilirudi nyumbani baada ya alasiri. Mke wangu alikuwa ametandaza sweta kitandani, bado zina lebo. Nikampa karatasi. Aliusoma mstari wa kwanza mara mbili.

"Makaburini tunakwenda kufanya nini?"

Nikamweleza. Kibao, jiwe, viza nisiyoiomba, na ile simu ya bandarini ambayo sijawahi kumsimulia mtu.

"Kwa hiyo mimi ndiye kisingizio," akasema. "Mimi na sweta zangu."

"Ndiyo."

Akaenda jikoni. Nilisikia bomba likifunguliwa, likafungwa. Nikabaki nimekaa katikati ya zile nguo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akachukua kalamu, nikajua anafuta jina lake. Hakufuta kitu. Aliizungushia duara ile meli ya Luzern.

"Hii siiachi. Nimeingoja."

"Hatuiachi."

"Na kaka yako usimdanganye kama ulivyonidanganya mimi. Usimwambie habari za kontena, usimwambie viza. Mwambie umechelewa."

Pasipoti zetu bado ziko kwa watu wa viza. Ratiba inasema saa tatu na nusu asubuhi, siku ya kwanza. Kila nikitembea kwenda dukani najizoesha maneno nitakayomwambia, na mpaka leo sijavuka shikamoo.