Nilifuta Sauti ya Marehemu Nikitafuta Kioo cha Laptop

Kosa ni langu, na msinionee huruma. Mimi ni yule mjuaji asiyejua kitu, aina ya mtu mnayempisha njia kwa sababu tu amebeba begi la kompyuta.

Nilitoka Kahama nikiwa kijana. Siku tatu njiani! Nikapita Singida, nikalala Katesh, nikadandia lori la kwenda Mbulu. Humo gunia la vitunguu saumu likaangukia begi langu. Laptop ikapona, kioo kikafa. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya siku zile. Wazee ukiwauliza, bado walikujibu wako Arusha.

Nikafika Tlawi, kijiji cha juu ya Mbulu mjini, kupumzika siku mbili, nikakaa miezi. Nimezunguka nchi hii sana, lakini baridi ile na makande yale ndivyo ninavyoviota mpaka leo.

Kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijiji, palikuwa na kompyuta ya mezani, msaada kutoka Ulaya, ikiendeshwa kwa jenereta. Aliyeitunza ni katibu wa kwaya, nitamwita Mama Paulina. Ndani yake mlikuwa na nyimbo kumi na moja za kwaya, zikisubiri kupelekwa Arusha kutolewa kwenye CD. Aliyeongoza nyimbo zote ni mumewe, aliyefariki mwaka ule ule.

Hayo niliyajua! Aliniambia mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Naomba kompyuta yenu iwe kioo cha laptop yangu."

"Marahaba. Hilo linawezekana, mwanangu?"

"Mama, mimi nimetoka Kahama!"

Kana kwamba Kahama ni chuo kikuu. Pumbavu!

Wanakwaya wanne wakaja kutazama. Nikachomoa waya wa kioo chao nyuma ya sipiyu, lile boksi lenyewe la kompyuta. Mahali pake nikachomeka waya wangu, upande wa pili nikauingiza kwenye laptop. Kimya. Nikapuliza matundu. Kimya.

Mama Paulina akauinua ule waya wa kioo nilioutupa mezani. "Si uchomeke huu kwenye hiyo yako? Kinachoonyesha ni kioo, siyo boksi."

Nikacheka! Wallahi nilicheka mbele ya mjane wa watu. "Mama, hii ni kompyuta, siyo redio ya mkulima."

Mmoja wa wanakwaya akadakia, "Muache fundi, mama, atakuambia na jembe lina mashine." Wakacheka nao. Nikadhani wanamcheka yeye, nikavimba kichwa.

Kahama nilikuwa nimeona mafundi wakitibu kila ugonjwa kwa dawa moja: kupiga Windows upya. Nikatangaza kwamba Windows yao ni ya kizee, ndiyo maana haielewani na yangu. Nikarudisha waya wao, nikatumbukiza CD yangu ya Windows.

Sasa sikilizeni, maana hili sijawahi kumwambia mtu. Kompyuta iliuliza, kwa Kiingereza, kama nina hakika vyote vilivyomo vifutwe. Baadaye niliwaambia sikuelewa. Uongo! Nimemaliza kidato cha nne, nilielewa kila neno. Nilikumbuka na nyimbo. Lakini watu wanne walikuwa nyuma yangu, na niliona aibu kusema, "Ngojeni kwanza, sina uhakika." Nikabonyeza ndiyo.

Ilipomaliza, nikarudia waya wangu kama mwanzo. Kimya kile kile!

Mama Paulina hakuomba ruhusa tena. Akachukua waya wa kioo, akauchomeka kwenye laptop yangu, akaniambia niiwashe upya. Picha ikatokea, kubwa, safi. Wakapiga makofi. Kwake, siyo kwangu.

"Haya, umepata," akasema. "Sasa rudisha ya kwetu, tumsikilize baba Paulina kidogo."

Nikarudisha. Akatafuta, akatafuta tena. Akanitazama.

"Ziko wapi?"

"Hamkuwa na nakala nyingine?" Ndivyo nilivyojibu, mimi mtaalamu.

"Tulikuwa na hiyo hapo."

Alizima jenereta, wanakwaya wakatoka, akafunga mlango, akasahau kwamba mimi niko bado ndani. Ilibidi nigonge ili nitoke.

Jumapili nilikwenda kanisani nikidhani nitaomba msamaha mbele ya watu. Kwaya ikaanza wimbo mmoja kati ya zile. Walipofika kwenye sauti ya kiongozi, hakuna aliyeichukua. Walisimama kimya kwa urefu wote wa ubeti wake, wakimsubiri, kisha wakaitikia. Mama Paulina alikuwa akihesabu mapigo ya ubeti ule kwa kidole kwenye kanga yake.

Sikungoja ubeti wa pili. Nilitoka, nikachukua begi, nikashuka kwa miguu mpaka Mbulu mjini, na sijarudi.

Ninyi mafundi wa kubahatisha, nawajua, mko wengi! Siku mashine ikikuuliza kama una hakika, na huna, sema huna. Watakucheka siku hiyo moja. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuchekwa, lakini yule marehemu wa Tlawi mimi nilimuua mara ya pili.